Kuchagua mashine ya kupumulia usingizini ukiishi Lubumbashi

Papa alikoroma tangu tukiwa wadogo, na nyumba nzima kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, tulikuwa tumeizoea sauti ile kama tulivyozoea mvua kwenye mabati. Usiku ulioniamsha ni ule aliponyamaza. Nilikaa kando ya kitanda chake, simu mkononi, nikahesabu: sekunde 20, 25, 30. Kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu lakini hewa haiingii. Kisha akashtuka kama mtu aliyetolewa majini, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kukoroma. Dakika mbili hazijapita, kimya tena.

Miezi miwili baadaye tulikuwa na mashine nyumbani. Miezi mitano iliyofuata, mashine hiyo ilikaa chini ya kitanda. Tuliinunua kwa mtu aliyeileta kutoka Ulaya ikiwa imetumika. Ilikuwa imewekwa kwenye msukumo mkubwa wa hewa uliopangiwa mgonjwa mwingine, maski yake ilikuwa ya uso mpana kuliko wa Papa, na umeme ukikatika nayo inakufa. "Mwanangu, hii kintu inanifunga pumzi," aliniambia usiku wa pili, na hakuivaa tena. Alikuwa na haki. Tulikuwa tumelipa kabla ya kujua tunatafuta nini.

Utaratibu ninaoufuata sasa kila ndugu au jirani anaponiuliza ni huu: karatasi ya vipimo kwanza, kisha aina ya mashine, kisha umeme wa nyumba yako, kisha maski. Muuzaji na bei yake huja baada ya hayo yote.

Anza kwa kipimo

Wapo watu wanaokoroma maisha yao yote na hawana apnea ya usingizi, yaani ugonjwa wa pumzi kukatika mara kwa mara mtu akiwa amelala. Dalili za kutilia maanani ni pumzi inayokatika mbele ya macho ya anayelala naye, kichwa kuuma asubuhi, kuamka mara nyingi kwenda haja ndogo, presha ya damu isiyoshuka hata kwa dawa, na usingizi wa mchana unaomkamata mtu kazini au kwenye usukani. Hilo la usukani linanikosesha raha, maana mji wetu umejaa madereva wa barabara ya Kolwezi na ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Dereva anayesinzia mara kwa mara kwenye foleni ya mpakani, akasema ni uchovu wa kazi, naomba apimwe.

Kabla ya kwenda kwa daktari, mrekodi mgonjwa akiwa amelala chali, dakika 10 hivi, kifua na mdomo vionekane na sauti isikike. Video hiyo itamweleza daktari wa mapafu, wa moyo, au wa masikio, pua na koo mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuyasimulia, kwa sababu yeye alikuwa amelala. Kipimo kamili hufanywa usiku mmoja, hospitalini au nyumbani, kwa mkanda wa kifuani, kijibomba cha puani na kile kidude cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Kidude cha kidoleni peke yake kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni inashuka usiku, ila hakiwezi kukwambia kwa nini inashuka.

Karatasi itarudi kwa Kifaransa. Tafuta herufi IAH. Hiyo ni hesabu ya mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au inapungua sana, na kila tukio linahesabiwa likidumu sekunde 10 au zaidi. Kuanzia 5 hadi 14 ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa wastani, 30 kwenda juu ni mkali. Ya Papa ilikuwa 41, yaani karibu kila dakika moja na nusu. Ndipo nilipoelewa kwa nini kuhesabu kwangu usiku ule hakukuwa na mapumziko.

Kisha tazama aina. Ikiandikwa "obstructives", koo linalegea na kujifunga wakati kifua bado kinahangaika kuvuta. Hii ndiyo aina ya watu wengi. Ikiandikwa "centrales", ubongo ndio unaosahau kutoa amri ya kupumua, na hapo usinunue chochote mpaka daktari akueleze, kwa sababu mashine ya kawaida inaweza isisaidie. Na ukiona daktari ameandika PPC, usidhani ni mashine tofauti na CPAP, hii mashine ya kusukuma hewa unayoisikia kwa wauzaji. Ni kitu kilekile, PPC ni jina lake la Kifaransa.

Mwenye IAH ya chini anaweza kuanza na mengine kwanza: kupunguza uzito, kulala kwa ubavu, kuacha bia na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, saa za jioni, na kuachana na vidonge vya usingizi ambavyo hulegeza koo zaidi. Hayo yamsaidie pia mwenye ugonjwa mkali, lakini yeye asiyafanye badala ya mashine.

Elewa mashine zinatofautiana wapi

Mashine hii inasukuma hewa ya kawaida ya chumbani. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walioitangaza mwaka 1981, walithibitisha kwamba hewa tu, ikisukumwa puani kwa nguvu ya kutosha, inalishikilia koo lisifunge. Nasema hivi kwa sababu hapa mjini watu wengi wanachanganya mashine hii na ile ya kutengeneza oksijeni. Nimeona familia imeuza kiwanja kidogo ili imnunulie mama yao mashine ya oksijeni, na usiku koo lake liliendelea kufunga vilevile. Oksijeni haifungui koo. Kwa baadhi ya wagonjwa hata huongeza hewa chafu (kaboni dayoksaidi) mwilini bila mtu kujua. Anayekuambia "zote zinasaidia kupumua" hajui anachouza.

Nguvu ya hewa hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani huenda kutoka 4 hadi 20. Ya msukumo mmoja hushikilia namba moja usiku kucha, tuseme 10. Ni rahisi kidogo na ni imara, lakini ni lazima mtu awe ameitafuta namba hiyo sahihi kwa kumpima mgonjwa. Ya kujirekebisha yenyewe hupewa kiwango cha chini na cha juu, kisha inapanda na kushuka kulingana na koo linavyofanya. Kwa mji ambao maabara za usingizi si za kutafutwa kila kona, mimi naona hii ya pili ndiyo ya kuchagua kwa mwenye apnea ya koo isiyo na matatizo mengine. Mtu akinenepa au akikonda, akilala chali au kwa ubavu, inamfuata. Sharti lake ni moja: isiachwe wazi kutoka 4 hadi 20 kama ilivyotoka kwenye boksi. Chini ya 6 watu wengi wazima husikia hewa haitoshi, na juu kabisa mtu huamshwa na upepo. Daktari aifungie katikati kufuatana na vipimo. Ya Papa inafanya kazi kati ya 7 na 14.

Kuna pia ya misukumo miwili, inayosukuma sana ukivuta pumzi na kupunguza ukiitoa. Ni ghali, na wauzaji huisifia kana kwamba ghali ni bora. Inawafaa watu wenye sababu: mapafu yaliyoharibika, misuli dhaifu, mwili mzito sana unaozuia pumzi hata mchana, au mtu aliyeshindwa kabisa kuvumilia msukumo mkubwa. Pasipo sababu hiyo, weka fedha zako kwenye betri. Na ipo ya nne, inayobadilisha kila pumzi kwa ajili ya apnea ya ubongo, kwa Kifaransa huandikwa VAA. Utafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao moyo wao unasukuma damu kwa asilimia 45 au chini ya hapo iliongeza vifo. Mgonjwa wa moyo asiuziwe hiyo bila kipimo cha moyo mkononi.

Mwinuko wa mji nao unauliziwa mara nyingi. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, Goma na Bukavu kama 1,500. Mashine za miaka ya karibuni hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko huo. Za kale kabisa zinawekwa kwa mkono, na hiyo ni sababu moja ya kuziacha.

Hesabu umeme wako kabla hujalipa

Hapa ndipo ushauri wa nchi nyingine unapotuacha barabarani. Kule mtu huchomeka na kulala. Sisi tuna delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu, na mashine inayozima saa 8 usiku mara tatu kwa wiki itamchosha mgonjwa mpaka aitupe.

Geuza kile kisanduku cha waya wa umeme usome kibandiko. Kiandike volti 100 hadi 240, hezi 50/60. Kikiwa hivyo, hata mashine ya kutoka Marekani itafanya kazi hapa. Badilisha waya wa ukutani tu. Iliyotoka Zambia ina vichwa vitatu bapa na ya Afrika Kusini vitatu vinene vya duara, vyote haviingii kwenye priza zetu, na adapta legelege ya sokoni ni njia ya moto. Nunua waya mzuri wenye kichwa cha hapa. Umeme unaopanda na kushuka uupitishe kwenye kisanduku cha kutuliza volti.

Sasa hesabu yenyewe. Wati 65 au 90 zilizoandikwa kwenye kisanduku ni kiwango cha juu kabisa. Mashine ikisukuma kwa nguvu ya 10 bila kupasha maji ya tangi lake la kulainisha hewa, hutumia kama wati 10. Ukiwasha joto la tangi hilo na la mpira wa kupitishia hewa, inaweza kwenda wati 50. Kwa saa 8, ya kwanza ni wati-saa 80, tuseme 100 ukihesabu zinazopotea kwenye invata, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Ya pili ni 400 na zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiitoe zaidi ya nusu, itakufa mapema. Unabaki na 600. Kwa hiyo betri ileile inakupa usiku 5 au 6 bila joto, na usiku mmoja ukiwa na joto. Umeme ukikatika, zima joto la maji. Msukumo wa hewa ndio tiba, unyevu ni starehe ya pua.

Muulize muuzaji mashine inakula volti ngapi za ndani. Zipo za 12 na zipo za 24. Ya 24 ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya gari ya 12 haitafanya kazi, na ukiibahatisha waya unaweza kuiua. Inahitaji kibadilishi chake. Ukipitia kwenye invata, iwe ile ya wimbi laini, maana za bei ya chini hutoa umeme wa kukwaruza unaochosha mota.

Na hili nalisema kwa sauti. Mashine inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya mapafu. Grupu, yaani jenereta, isiwashwe barandani karibu na dirisha. Usiku wa Juni na Julai, baridi ikikaza, mbabula (jiko) yenye makaa isiingizwe chumbani hata kidogo. Moshi wake usioonekana huua, na mashine haina chujio la kuuzuia.

Maski: tumia muda wako mwingi hapa

Mashine nzuri yenye maski mbaya ni mashine ya chini ya kitanda. Kwa Papa, tatizo lilianzia hapa zaidi ya kwenye msukumo.

Kuna inayofunika pua tu, kuna yenye viputo viwili vya silikoni vinavyokaa kwenye matundu ya pua, na kuna inayofunika pua na mdomo. Wauzaji wengi hutoa ya tatu kwa kila mtu, wakidhani kubwa ndiyo salama. Ukweli ni kwamba hiyo huvuja kirahisi na mara nyingi hudai msukumo mkubwa zaidi. Anza na ya pua kama pua inapitisha hewa. Ya mdomo umpe ambaye pua imeziba daima au anayefungua mdomo usiku kucha hata baada ya wiki kadhaa za kuzoea.

Jaribu hivi. Mgonjwa alale, asikae. Mashine iwe inawaka kwenye msukumo wake halisi. Mikanda ifungwe mpaka kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Kisha mwambie ageuke ubavu wa kushoto, wa kulia, arudi chali. Weka shavu lako karibu na kona za macho yake: ukisikia upepo pale, saizi siyo, hata kama inaonekana imekaa vizuri. Usikimbilie kukaza mikanda. Mkanda uliokazwa ndio uliomwachia Papa kidonda juu ya pua, kidogo kama punje ya mahindi, kilichochukua wiki tatu kupona. Ndevu nene huvujisha hewa chini ya kidevu. Anyoe sehemu hiyo au atumie ya viputo.

Maski ya nyumbani lazima iwe na vitundu vidogo vya kutolea hewa iliyokwisha kutumika. Za hospitalini, ambazo mara nyingi kona yake ni ya bluu, hazina vitundu hivyo na haziendani na mashine ya nyumbani. Mtu atapumua hewa yake chafu. Baadhi ya maski hufungwa kwa sumaku. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo, au chuma fulani kichwani, au anayelala na mtu mwenye vitu hivyo, achague ya ndoano za plastiki.

Na kabla ya kuipenda, uliza: silikoni ya akiba ya modeli hii naipata wapi, na kwa siku ngapi? Huchakaa ndani ya miezi. Nunua mbili siku hiyohiyo.

Ukinunua iliyotumika

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na hakuna aibu. Iwashe dukani na tafuta saa ilizofanya kazi. Watengenezaji huhesabu maisha ya mashine kuwa miaka 5 hivi. Kwa saa 8 kila usiku hiyo ni saa 14,600. Iliyokaribia hapo, ilipie kama inayokaribia hapo. Sikiliza mota: iwe mvumo mmoja, bila kukwaruza. Nusa mahali hewa inapotokea. Harufu ya sigara haitoki.

Angalia namba ya utambulisho kwa uangalifu. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips Respironics ilitangaza kuzirudisha mashine zake nyingi, pamoja na DreamStation ya kizazi cha kwanza, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyo ndani inaweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Mashine zilizorudishwa sokoni kwa njia za panya bado zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Ukiona modeli hiyo bila ushahidi kwamba ilibadilishwa au kutengenezwa, iache, hata kama imepunguzwa nusu.

Hakikisha pia inaandika kumbukumbu kwenye kadi: IAH iliyobaki, uvujaji, na saa zilizovaliwa. Kadi haihitaji intaneti, unaichomoa na kumpelekea daktari. Isiyoandika kitu itakuacha gizani usijue kama tiba inafanya kazi.

Wiki za kwanza

Avae maski mchana akiwa macho, akisikiliza redio, nusu saa kwa siku. Washa mwanzo wa polepole, kwenye menyu ya Kifaransa huitwa "rampe", ili hewa ianze chini na kupanda akiwa tayari amesinzia. Usihesabu usiku wa kwanza. Papa alifika saa 4 kwa usiku baada ya siku 9, na saa 6 baada ya mwezi. Kadi ikionyesha IAH iliyo chini ya 5, mko mahali pazuri. Ikibaki juu wiki mbili mfululizo, rudini kwa daktari, msijipandishie msukumo wenyewe.

Mashine ikae chini ya usawa wa kichwa, juu ya kigoda, kamwe isikae sakafuni kwenye vumbi. Usiku wa baridi, mvuke hugeuka maji ndani ya mpira, na mgonjwa huamshwa na matone puani. Punguza unyevu, na uvishe mpira kipande cha blanketi. Dada yangu alishona mfuko mrefu kutoka kitenge cha zamani na tatizo likaisha.

Tangini weka maji yaliyochujwa chumvi yote, ya famasi. Yale ya garaji ya kuongezea betri hayakutengenezwa kwa mapafu ya mtu, na kwenye chupa zile asidi hukaa jirani na maji. Ukikosa, chemsha, acha yapoe, yamwage kila asubuhi, na tangi likianza kuota ukoko mweupe lilowekwe kwenye siki nyeupe, sehemu 1 kwa 10 za maji. Maski ioshwe kila siku kwa sabuni laini. Usitumie jiki, spiriti wala vifaa vya ozoni. Kuhusu chujio, vitabu vya mashine havikuandikiwa msimu wetu wa vumbi: kati ya Mei na Septemba litazame kila wiki, likigeuka rangi ya udongo, libadilishe.

Mgonjwa akilazwa au akienda kufanyiwa upasuaji, abebe mashine yake na amwambie daktari wa nusukaputi kabla ya kuingia. Ndani ya begi tumeweka karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: aina ya mashine, 7 hadi 14, saizi ya maski, na namba ya simu ya nyumbani.